Pipa la Asali Kwenye Ghala la Sumu

Shija, na nyinyi wengine mtakaoshika ufunguo wa lile ghala baada yake, marahaba, maana najua mngeniamkia. Mmeniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa. Nimekaa hapa barazani kwangu Isevya, mguu mmoja juu ya kigoda kwa sababu ya goti, nawaza nianzie wapi. Nimechoka, wajukuu zangu, siwafichi. Mwashi akistaafu anaonyesha nyumba alizojenga. Mwalimu anaonyesha watu aliowafundisha, wengine wana magari. Sisi watunza sumu tukifanya kazi vizuri hakuna kinachoonekana. Hakuna aliyekufa, basi. Nani atakuletea keki kwa ajili ya watu ambao hawakufa?

Mimi nilipewa zawadi ya thermosi siku ya kuagwa. Haishiki moto.

Basi tuanze na Mzee Nasoro, maana bila yeye nisingefika umri huu wa kulalamika. Alikuwa Mwarabu wa hapa hapa Tabora. Babu zake walikuja na misafara, wakafungua duka, na duka likapita mkono kwa mkono mpaka likamfia yeye mikononi. Ndipo akaajiriwa na chama cha wakulima kutunza ghala la dawa za mashamba, lile lile lililo jirani na reli. Mfupi, kofia ya viua haitoki kichwani, mdomo hauna breki. Mimi nilikuja kwake msichana wa Kimoravian kutoka Sikonge, nimemaliza shule, najiona mjanja.

Siku yangu ya kwanza hakunipa sumu. Alinipa maji. Alikuwa ametia ile bluu ya kufulia mashati meupe ndani ya madumu, akaniambia, "Kalunde mwanangu, hii ndiyo sumu yetu ya leo. Shusha, panga, mimina, funga. Ukisikia njaa, kanawe ukale." Nikamcheka moyoni. Nikafanya kazi asubuhi nzima, nikanawa, nikala ugali wangu na mlenda, nikarudi kazini. Jioni akanisimamisha mlangoni kwenye mwanga, akanipa kioo.

Ala! Nilikuwa na bluu kwenye ukosi. Nilikuwa nayo nyuma ya sikio, kwenye mkanda wa sketi, kwenye nyusi. Nilikuwa nayo kwenye meno.

"Pole sana," akasema Mzee Nasoro, uso mkavu. "Tutakuzika kesho adhuhuri. Au nyinyi Wamoravian mnazikana saa ngapi?"

Kisha akanikalisha, akanieleza kila doa lilikotoka. La sikioni, nilijikuna nikiwa na glavu. La kwenye nyusi, nilijifuta jasho. La kwenye meno ndilo lililomkasirisha, kwa sababu nilizivua glavu kwa kuzivuta na meno, kama mtu anayemenya muwa. Akanifundisha kuziosha glavu zikiwa bado mkononi, ndipo nizivue. Akanifundisha kutorudi nyumbani na nguo za kazi, maana mtoto wako atakukumbatia. Mgeni yeyote akija ghalani mfanyieni hivyo hivyo. Bluu ipo madukani hadi leo, na aibu ya meno ya bluu haisahauliki.

Sasa msidhani Mzee Nasoro alijua yote. Enzi zake, dawa ikipitwa na wakati walichimba shimo wakafukia. Ndivyo walivyoelekezwa, na kila mtu alilala usingizi. Baadaye visima vya karibu vikaanza kutoa harufu, watu wakaacha kuteka, na mashimo yale mengine mpaka leo hakuna anayekumbuka yako wapi. Baadaye tukaambiwa tuchome. Tukachoma shimoni, moshi mweusi, na mbuzi wa jirani wakaanza kutembea upande upande. Baadaye tukaambiwa tusifukie, tusichome, tufungashe vizuri tusubiri, litakuja lori liipeleke pwani kwenye tanuri la saruji, ambako moto ni mkali kiasi kwamba sumu haiachi hata moshi wake. Hilo ndilo agizo la busara kuliko yote niliyowahi kupewa. Lina neno moja tu linalochosha, nalo ni kusubiri.

Ngoja sasa niwaambie habari ya pipa la Maganga. Shija unajua mwisho wake, lakini mwanzo wake hukuuona.

Mzee Nasoro alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na ghala lilikuwa langu. Kazi yangu nyingine ilikuwa kuzunguka vijijini kukusanya makopo na madumu matupu ya dawa. Mnajua kanuni: suuza mara tatu, maji ya kusuuzia yarudishe kwenye bomba la kupulizia uyamalizie shambani, kisha toboa kitako. Kutoboa ndiko kulikonigombanisha na watu. Kwetu dumu zima ni mali. Utamwambia mama anayeteka maji mbali kwamba atoboe dumu zuri, lina kifuniko chake, lina mpini? Atakuona mchawi. Kule Sikonge waliniita Mama Toboa, na watoto walipoiona baiskeli yangu walikimbia kuficha madumu chini ya vitanda.

Maganga alikuwa mrina asali kijijini kwa mama yangu. Kanizidi umri kidogo, mrefu, mkimya wa kutisha kwa watu wasiomjua. Mizinga yake ya magome ilikuwa imetapakaa kwenye msitu wote ule wa miombo, na kila mmoja ulikuwa na alama ya ukoo wao, mistari mitatu iliyokutana chini, kama unyayo wa kanga. Kule hakuna mrina anayening'iniza mzinga bila alama. Alama ndiyo inayosema huu una mwenyewe, na ukimuuma mtu, mwenyewe huyo huyo ataulizwa.

Nilipita kwake asubuhi moja kumsalimu. "Mwangaluka, kaka Maganga." Akaitikia, akanivutia kigoda, akamwita mkewe alete asali. Mwaka huo mvua zilikuwa zimenyesha vizuri, maua yamechanua, na yeye alikuwa amerina kuliko miaka yote. Akanionyesha kwa fahari: madumu yamepangwa kwenye chumba cha nyuma, yamejaa mpaka kwenye vifuniko. Hiyo ndiyo ilikuwa iezeke nyumba bati. Mnunuzi alikuwa njiani.

Mimi nikaangalia sakafu. Asali ikikaa ndani ya nyumba ya udongo, sisimizi lazima waje. Na walikuwa wamekuja, msururu mzuri kabisa kutoka ukutani. Lakini hawakuwa wanaondoka. Walikuwa wamelala pembeni ya madumu, wamekauka, duara jeusi kuzunguka kila kitako.

Nikageuza dumu moja kuelekea mlangoni. Karatasi ilikuwa imebanduliwa, ila gundi ilibaki, na chini ya gundi kile kichwa cha mfupa, alama ya sumu, kilikuwa kinaonekana. Dawa ya wadudu wa pamba.

"Kaka, haya madumu umeyapata wapi?"

"Gulioni. Kuna bwana huyaleta na baiskeli kutoka upande wa Nzega, kwenye pamba. Mazito haya, hayapasuki."

"Hujaona yalikuwa ya nini?"

"Nimeona. Nimeyasuuza kwa majivu. Nikayasugua kwa mchanga. Nikatia maji ya moto. Mwisho nikayafukiza kwa nta, mpaka harufu yote ikatoka." Akaniangalia kama mtu anayeonewa. "Kalunde, mimi si mchafu."

Hilo ndilo kosa lenyewe, na ni kosa la mtu msafi. Nta inafukuza harufu kweli. Mrina yeyote anafukiza chombo kwa nta, ndivyo nyuki wanavyovutwa kwenye mzinga mpya, ndivyo chombo cha asali kinavyoandaliwa tangu enzi. Sasa plastiki ilikuwa imeshainywa ile dawa, na nta ilikuja kuifunika tu pua ya mwenye nyumba. Asali ikakaa mle wiki baada ya wiki, inaivuta tena kidogo kidogo.

"Hii hailiki," nikamwambia.

"Thubutu! Mimi mwenyewe nimelamba juzi. Si unaniona?"

"Na ukalala vizuri?"

"Kichwa kiliniuma kidogo. Jua lile."

Sauti ikatoka jikoni, mkewe huyo. "Kichwa kidogo? Maganga, umetapika mpaka nikakuitia jirani! Mwambie dada ukweli!"

Ningecheka kama si wale sisimizi. Maganga alitazama madumu yake moja baada ya jingine. Mimi nilitegemea abishe, nilikuwa nimeshajiandaa, maana nilikuwa nimebishana na watu kwa ajili ya dumu tupu, sembuse lililojaa asali ya mwaka mzima. Hakubisha. Alisema, "Basi siuzi. Siwezi kumlisha mtu." Akavuta pumzi. "Nitakwenda kuimwaga porini."

"Ukiimwaga porini, kaka, nani ataila?"

Akakaa chini. Pale pale sakafuni, kwenye sisimizi. Yule mtu aliyeachia bati zake bila kupepesa jicho alianza kulia kwa ajili ya nyuki. Alijua kuliko mimi. Asali ikimwagwa mahali, nyuki wa miombo yote wanapeana habari kabla jua halijasogea. Wanakuja wanabeba, wanaipeleka kwenye mizinga, wanalisha watoto. Si mizinga yake tu. Ya kila mtu, hadi kijiji cha Tutuo na kuendelea.

"Nimwage mtoni?"

"Watu wanakunywa."

"Nifukie."

"Nyuki hachimbi. Nyegere je?"

Akatikisa kichwa. Nyegere anachimba mpaka kwenye mwamba akisikia harufu ya asali. "Nichome?"

"Moshi utauvuta wewe, na mama, na watoto. Na moto wa kuni hauimalizi."

"Sasa iende wapi, Kalunde?"

Wajukuu zangu, nimeulizwa maswali mengi kazini, na wakubwa na wadogo. Hilo ndilo swali zima la kazi yetu. Sisi tunasema tupa huko, kana kwamba kuna nchi inaitwa huko. Nikamwambia, "Iende kwangu, ghalani. Tutaifunga, tutasubiri lori."

Tulingoja jioni, nyuki wamerudi kwenye mizinga. Tukafunga dirisha kwa gunia lililoloa maji, tukamimina yote ndani ya pipa moja la plastiki ambalo kifuniko chake hubanwa kwa bangili ya chuma, na madumu tukayakatakata tukayatumbukiza humo humo. Maganga alivaa glavu zangu za akiba na hakuwahi hata kuzigusa kwa meno. Nilipotaka kubandika karatasi ya onyo akaniambia ningoje. Akatoa rangi nyeupe na brashi, akachora mistari yake mitatu kwenye ubavu wa pipa.

"Ya nini hiyo?" nikamuuliza. "Unataka watu wajue ni wewe?"

"Ni yangu," akasema. "Asije mtu akasema imeokotwa."

Niliona ukaidi wa mrina tu. Nikamwacha.

Basi pipa likaja Tabora, likapangwa pale kwenye kona ya mashariki, juu ya chaga ya mbao, pamoja na mapipa mengine ya chama. Na lori halikuja. Kila mwaka tuliambiwa mwaka huu. Chama chenyewe kikaanza kuyumba, kikauza magari, kikauza ofisi, mwisho kikafa kabisa, na ghala likahamishiwa halmashauri na sumu yake ndani kama nyumba inavyouzwa na popo wake. Mimi nikahamishwa nayo. Nilikuwa nafagia, nakagua mabati, nabadilisha karatasi za onyo zilizofifia, naandika maombi, nasubiri.

Maganga alikuwa akija mjini kuuza nta au kumtazama mwanawe, lazima apite. Hakuingia, alikuwa anajua kanuni. Alisimama mlangoni, anavua kofia.

"Haijaenda?"

"Haijaenda, kaka."

"Haya. Nisalimie watoto."

Anakwenda zake. Sijui kama mnaelewa jinsi kitu hicho kinavyochosha, kumwambia mtu mzima haijaenda, mwaka baada ya mwaka, na yeye asikulaumu. Bora angenitukana. Nilistaafu nikakukabidhi wewe Shija ufunguo, na siku hiyo, badala ya kufurahi, nilikuwa nawaza nani atamjibu Maganga.

Sasa ndipo tunafika kiangazi kilichopita. Ulinipigia simu asubuhi. "Shikamoo bibi. Nyuki wameingia ghalani, wengi kweli kweli. Niwapige dawa?"

Nikasema, "Wee Shija! Usipige kitu. Funga mlango, mwondoe mlinzi, nakuja." Goti lenyewe likasahau kuuma. Kulikuwa na ukame, hakuna ua hata moja, na nyuki wa mjini walikuwa na njaa. Nilipofika niliona wanaingia na kutoka kwenye kitundu cha hewa, msururu kama wa wale sisimizi. Na chini ya ukuta, kwenye vumbi, walikuwa wamelala. Ungeweza kuwazoa kwa beleshi.

Nikampigia simu Maganga, akaja na basi la mchana. Amezeeka, jicho moja lina ukungu, anatembelea fimbo. Hakusema na mtu. Alichuchumaa, akazoa nyuki waliokufa kwenye kiganja, akawaweka karibu na jicho lake zima. "Wamenifuata mpaka huku," akasema. Wewe ulitaka kumpa kiti, nikakushika mkono. Kuna wakati mtu aachwe.

Kisha akainuka akawa mrina tena. Ulimuuliza kama ulete moshi, akakukatalia kabla yangu, kwamba moto hauingii kwenye nyumba ile. Akasema tusubiri jua lishuke, wenyewe watarudi makwao. Ndivyo tulivyofanya. Walipokwisha kutoka tukaziba vitundu kwa magunia yaliyoloa, tukaingia. Msumari wa chaga ulikuwa umejitokeza na kusugua kitako cha pipa, miaka yote hiyo, kila treni ikipita na ardhi ikitikisika, mpaka ukatoboa. Ufa wa kucha tu. Mimi Mama Toboa niliyetoboa madumu ya nchi nzima, nikatobolewa na msumari.

Mliona tulivyofanya, lakini naandika kwa watakaokuja. Pipa linalovuja halihamishiwi jingine kwa kumimina. Linawekwa zima ndani ya pipa kubwa zaidi, kitako chake kikiwa juu ya mchanga mkavu, na pembeni unashindilia mchanga mpaka lisicheze. Kilichomwagika sakafuni unakinyonya kwa mchanga huo huo, unaufagia, nao unaingia ndani. Ufagio nao. Halafu mnakagua misumari ya kila chaga kwa mkono, siyo kwa macho.

Pipa kubwa lilipofungwa, alama ya Maganga ilipotea ndani. Akatoa kwenye mfuko wa plastiki kopo la rangi nyeupe na brashi. Alikuwa amekuja nazo kutoka Sikonge! Akaichora upya; mistari ilikwenda upande, lakini unyayo wa kanga ulikuwepo. Kopo na brashi akaviacha juu ya kabati la glavu, akasema havina kazi tena kwake.

Lori likaja mwezi uliofuata. Sikuamini hadi nilipoligusa. Dereva alikuwa Mzaramo, mtu mnene mwenye maneno, na aliposikia Maganga, aliyekuwa amekuja kuliaga pipa lake, ni Mnyamwezi, utani ukaanza pale pale. "Lete mzigo wako, mtani! Babu zako walibeba mizigo ya watu kutoka hapa mpaka pwani kwa miguu. Leo Mzaramo anambebea Mnyamwezi, tena sumu!" Maganga akamjibu, "Beba vizuri, usilambe njiani. Nyinyi Wazaramo hamjui kuona kitu kitamu mkakiacha." Tulicheka, hata mimi. Nilikuwa sijacheka mle ndani tangu Mzee Nasoro.

Pamoja na dereva alikuwepo binti mmoja wa kizibao cha kung'aa, afisa wao. Mpole, ana kazi yake. Akaanza kupita pipa kwa pipa.

"Mwenye mali?"

"Chama cha wakulima," ukajibu wewe.

"Yuko wapi wa kusaini?"

"Chama kilishakufa."

"Aliyerithi?"

Hakuna. Mtu wa halmashauri aliyekuwepo akasema wao walipewa jengo, siyo vilivyomo. Binti akasema bila mwenye mali hawezi kupakia, kesho keshokutwa mtu atatokea kudai, na yeye ndiye atakayeulizwa. Hakuwa na kosa. Akasogea kwenye pipa la pili, la tatu, jibu lile lile. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda mlangoni, mstaafu, sina saini inayohesabika. Miaka yote ya kusubiri, na lori limekuja, limesimama hapo, na lingeondoka tupu.

Akafika kona ya mashariki. "Na hili?"

"Langu," akasema Maganga. Akasogea na fimbo yake, akaweka kiganja juu ya mistari. "Jina langu Maganga. Alama yangu hiyo. Asali yangu, kosa langu. Nipe nisaini."

Likapakiwa. Likafungwa kwa mikanda. Maganga alivua kofia akasimama hivyo hadi lori lilipopinda kwenye reli. Kisha akanigeukia. "Imekwenda," akasema, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nauliza miaka yote. Nililia, sioni haya kuwaambia. Nililia kwa furaha yake na kwa uchovu wangu, maana nyuma yangu ghala lilikuwa bado limejaa.

Maganga alipopanda basi lake, nilirudi ndani. Nikapanda kwenye kile kigoda nilichokalia, nikachukua kopo la rangi juu ya kabati. Wewe Shija ulinikuta nimefika kwenye pipa la nne, mkono unauma mpaka begani.

"Bibi, unaandika nini? Hii si mali yako."

"Najua."

Najua. Sijawahi kulima pamba, sijawahi kupanda hata jani moja la tumbaku, sijawahi kununua wala kuuza tone la sumu ile. Lakini nimeiangalia maisha yangu yote, na naona hakuna mwingine anayekuja. Nimeandika KALUNDE kwenye kila pipa mle ndani, herufi kubwa, hata yale ya chini nimepiga magoti, na mnajua goti langu.

Kwa hiyo binti yule akirudi akauliza mwenye mali, nipigieni simu. Nitakuja kusaini, hata kwa bajaji, hata kwa kubebwa. Na kama mtakuwa mmeshanizika, mmoja wenu afute jina langu, aandike lake. Brashi iko juu ya kabati la glavu. Nimeiosha.